Kompyuta Haiwaki Baada ya Kufuta Patisheni

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Nina duka la kuchapa nyaraka hapa Langoni, Lamu, na kompyuta yangu ina mifumo miwili, Windows na Ubuntu, kwenye diski moja. Juzi, nikiwa ndani ya Windows, nilifuta patisheni (sehemu ya diski) iliyokuwa tupu ili nipate nafasi. Tangu hapo kompyuta huandika tu «error: no such partition» na «grub rescue>». Fundi ameniambia nifute yote nianze upya, nami kazi za wateja zimo katika Ubuntu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salamu. Tafadhali usifute chochote. Ushauri wa kuanza upya hutolewa kwa wepesi mno, na wanaoumia ni wenye kazi zao.

Yaelekea mafaili yako yamo, ila GRUB, yaani programu inayokuonyesha menyu ya kuchagua mfumo, inaitafuta Ubuntu kwa nambari ya zamani. Katika diski iliyogawanywa kwa utaratibu wa zamani uitwao MBR, patisheni za msingi hazizidi 4, na zile zinazokaa ndani ya mojawapo ya hizo huhesabiwa kuanzia 5. Ukiifuta ya 5, iliyokuwa ya 6 huwa ya 5, huku GRUB ikiendelea kuitafuta ya 6 ambayo haipo tena.

Hapo penye «grub rescue>», andika «ls» uone patisheni zilizopo, kisha uzikague moja moja, kwa mfano «ls (hd0,msdos5)/boot/grub», yaani patisheni ya 5 ya diski ya kwanza, mpaka upate inayoonyesha majina ya mafaili. Ikiwa ni hiyo ya 5, andika amri hizi, kila moja kwa mstari wake:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu itarudi, lakini kwa mara hiyo moja tu. Ingia Ubuntu, nakili kwanza kazi za wateja kwenye diski ya nje, halafu ufungue dirisha la amri (Terminal) na utazame kwa «lsblk» jina la diski yako. Ikiwa ni sda, andika «sudo grub-install /dev/sda», bila nambari yoyote mwishoni, kwa sababu GRUB huwekwa kwenye diski yenyewe wala si kwenye patisheni. Kisha «sudo update-grub».

Iwapo hakuna patisheni hata moja iliyoonyesha mafaili hayo, huenda uliyoifuta ndiyo ya Ubuntu. Hapo usiandike kitu chochote kwenye diski hiyo. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, na utumie programu ya TestDisk, ambayo huweza kuirudisha patisheni iliyofutwa maadamu nafasi yake haijaandikwa kitu kingine.