Trekta yangu ya dizeli inagoma kwenye baridi, nifunge hita gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Minnesota huku Marekani, mimi na mke wangu tumepata kashamba na trekta Massey Ferguson 135 ya dizeli, ya zamani sana. Kiangazi inawaka fasta tu ila sasa asubuhi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri inazunguka weee, inatoa moshi mweupe, mwisho betri inaisha. Jirani kaniambia nifunge hita ya injini, dukani nimekuta ya kuingia kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda), ya kwenye hosi ya chini ya rejeta na ya sumaku ya kubandika kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nichukue ipi? Theluji yote ya njiani naisukuma na trekta hiihii.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni na baridi. Huo moshi mweupe ni dizeli inayotoka bila kuungua, yani mafuta yanafika ila joto ndo halitoshi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, inategemea hewa ikigandamizwa ipate moto wa kuwasha mafuta, sasa chuma chote kikiwa cha baridi hivyo joto linaishia kwenye kuta za silinda, na hapohapo oili imekuwa nzito kama asali na betri imepoteza kama nusu ya nguvu yake.

Ya sumaku inapasha oili tu, silinda zinabaki na baridi yake. Ya kwenye hosi ni rahisi kufunga, ila hosi ikiwa fupi na imepinda utahangaika kupata nafasi. Mimi ningechukua ya kwenye bloku maana inapasha maji yaliyozunguka silinda zenyewe. Ila usinunue kwa kukisia, 135 zilikuwepo za petroli pia, soma namba iliyogongwa kwenye injini (ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu) uende nayo dukani.

Kufunga unaweza mwenyewe. Mwaga kulanti yote (maji ya kupoza injini), ya rejeta na ya kwenye bloku, na koki ya bloku ikigoma kutoa chokonoa na waya maana kutu huwa imeziba. Hita inakaa kwenye tundu la kimojawapo cha vile vizibo vya duara vya chuma ubavuni mwa bloku. Hapa taratibu tafadhali: gonga ukingo mmoja tu wa kizibo mpaka kigeuke kikae ubavu, alafu kivute na koleo, ukikigonga katikati kwa nguvu kinaweza kuzama ndani. Tundu lisugue na msasa mpaka ling'ae, toa kutu yote ya nyuma, paka grisi kidogo kwenye oringi (ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja), ingiza hita na uhakikishe ule mkono wake wa kupasha haugusi ukuta wa silinda, ndo ukaze skrubu.

Jaza kulanti nusu antifrizi (dawa ya kuzuia maji yasigande) nusu maji, washa injini hewa iliyonasa kwenye kulanti itoke, kagua kama inavuja. Usichomeke hita kwenye umeme kabla ya kujaza, itaungua palepale. Waya uwe mnene, wa nje, wenye erthi, ufungwe mbali na feni na ekzosi. Masaa mawili matatu kabla ya kazi yanatosha, weka taima usiache usiku kucha, umeme ni hela.

Oili ukiwa na ya 15W-40 ni nzito kwa huko, uliza ya msimu wa baridi, na dizeli nayo iwe ya msimu wa baridi kwasababu ile ya kiangazi inaganda nta na kuziba filta.

La mwisho na nakusihi kabisa: usipulizie ile spirei ya itha ya kuwashia. Perkins hiyo kwenye manifoldi ya hewa (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda) ina kifaa kinachowasha dizeli kidogo kupasha hewa, itha ikikutana na huo moto inalipuka, inapasua injini na wewe umesimama hapo pembeni. Kikague hicho kifaa kama bado kinafanya kazi, na kama baada ya hita bado inatoa moshi mweupe bila kuwaka, peleka nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zikapimwe na upime kompresheni, yani mgandamizo wa hewa kwenye silinda.