Barua kwa mwanangu: farasi wa sura ya tisa

Marahaba, mwanangu.

Rasimu ya riwaya yako nimeisoma hadi mwisho. Unauliza kama sura ya tisa inaaminika: baba anafunga mizigo na kuondoka, usiku huohuo farasi anashikwa na tumbo, na wale wasichana wawili wanamponya kwa kumnywesha mafuta na kumbembeleza mpaka alfajiri. Kuumwa, ataumwa. Ila si kwa sababu uliyoiweka, na mafuta hayo yangeweza kumuua.

Anza na chanzo. Farasi hashikwi na tumbo kwa huzuni ya wenye nyumba, hushikwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeifanya. Ugomvi wa wazazi uingilie hapo. Farasi wa kilo 450 hula kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku na kunywa lita 25 hadi 45 za maji, zaidi kukiwa na joto. Sura ya saba umeandika kwamba pampu imeharibika na hakuna wa kuitengeneza, halafu ukaisahau. Itumie! Akipewa ndoo moja asubuhi na moja jioni, huku akila nyasi kavu tupu, baada ya siku kadhaa mavi huwa madogo, magumu, yenye utelezi juu, kisha yanakwama kwenye utumbo mpana. Rafiki anayesaidia kusafisha banda ndiye ayaone kwanza, kwa kuwa mwenye farasi akili yake iko kwa baba. Huo ndio urafiki, kuliko zile kurasa mbili za kuahidiana.

Dalili zije polepole. Anaacha chakula, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anachimba chini kwa kwato ya mbele, analala, anainuka, analala tena. Jasho na kugaagaa vije baadaye.

Kuhusu mafuta: farasi hawezi kutapika, na ukimmiminia kwa chupa mdomoni yanaweza kwenda kwenye mapafu. Daktari wa mifugo hupitisha mrija wa mpira puani hadi tumboni, na kabla ya kumimina chochote anahakikisha haukuingia njia ya hewa. Kwa hiyo wasichana wako hawaponyi. Waondoe chakula, wampigie daktari, wamtembeze taratibu kama dakika kumi (si usiku kucha, watamchosha bure), na akianza kujitupa chini wakae mbali naye.

Akiwa bado ametulia wana kazi nyingine. Mmoja ashike kamba, mwingine aweke vidole viwili upande wa ndani wa ukingo wa taya, autafute mshipa unaoteleza chini ya ngozi. Ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa 4. Farasi mzima aliyepumzika ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60, daktari asingoje asubuhi. Kisha ainue mdomo wa juu na kubonyeza ufizi: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2 hivi. Halafu atege sikio ubavuni. Ngurumo za tumbo zinatia moyo, kimya kinatisha. Yote ayaandike na saa yake nyuma ya daftari la hesabu, maana daktari atayauliza kwenye simu, pamoja na lini mara ya mwisho alitoa mavi. Simu hiyo itamshika msomaji wa miaka kumi kuliko kilio chote ulichoandika.

Na machozi ya farasi yafute. Akitokwa machozi ni nzi, vumbi, au mfereji wa jicho umeziba. Hisia zake zitafute kwenye masikio.

Ile safari ya mbalamwezi kule Ngong umeiweka katikati ya masika. Majira hayo visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri ndio hueneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao pundamilia huubeba bila taabu kubwa lakini farasi asiyechanjwa mara nyingi hufa. Saisi, yaani mtunza farasi, anayejua kazi yake humrudisha bandani kabla jua halijazama. Ihamishie kiangazi.

Tena, umeonyesha umaskini wa familia kwa farasi kukonda. Mapema mno. Kitu cha kwanza kuahirishwa ni mtu wa kwato, anayepaswa kuja kila baada ya wiki 6 hadi 8. Kwato huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kufikia sura ya sita ncha ziwe ndefu na kingo zianze kupasuka. Asiyejua farasi atapita tu, rafiki atauliza.

Sura ya kumi sijaigusa. Kila kilichomo kinategemea daktari alifika saa ngapi, na hilo hujaliamua.

Mama yako