Picha la Kihindi na marafiki: panga jioni kuanzia mapumziko

Anayewaalika wenzake kutazama filamu ya Kihindi ya mapenzi na vichekesho hukosea mapema sana, pale anapoipangia muda wa saa moja na nusu. Filamu hizi hutengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema zenye mapumziko katikati, na hadithi huandikwa kwa kuyafuata. Nusu ya kwanza huchekesha, huimba na kuwakutanisha wawili. Kisha jambo huharibika, skrini husimama, watu hutoka kununua chai. Nusu ya pili ndiyo yenye wazazi, harusi na machozi. Ukikata katikati ya wimbo kwa sababu chakula kimeiva, au ukiunganisha nusu zote bila kupumua, watu watachoka dakika ishirini kabla ya mwisho, nao mwisho ndio waliojia.

Kwa hiyo tafuta mapumziko kabla wageni hawajafika. Kwenye nakala nyingi za kutazama nyumbani lile neno la mapumziko limeondolewa, lakini mkato wenyewe wa hadithi umebaki. Gawanya urefu wa filamu kwa mbili, peleka hadi hapo, kisha rudi nyuma na mbele dakika kumi. Utaona siri imefichuka, au mmoja ameondoka, au hadithi imeruka miaka na kuhamia mji mwingine. Andika dakika hiyo kwenye karatasi. Katika Yeh Jawaani Hai Deewani (2013) mshono huo unaonekana wazi: kwanza safari ya vijana huko Manali, kisha miaka minane baadaye harusi huko Udaipur. Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995) nayo huanzia Ulaya ikahamia Punjab.

Hesabu saa pia. Dilwale ina dakika 189. Ongeza mapumziko ya dakika 25, na mkianza saa 3 usiku mtamaliza saa 6 na nusu imepita. Ianzeni saa 11 jioni, au muichague siku nyingine. Kwa kundi lisilozoea, Jab We Met (2007) ya Imtiaz Ali ni mlango mzuri: saa 2 na dakika 20 hivi, msichana mwenye maneno mengi, kijana aliyekata tamaa, na treni iliyowaacha. Bareilly Ki Barfi (2017) ni fupi zaidi, inakaribia saa 2, na vichekesho vyake ni vya mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake. Wakiwepo wazee au watoto, tazama cheti cha bodi ya ukaguzi wa filamu ya India kinachoonyeshwa mwanzoni kabisa: U ni ya wote, UA inataka uangalizi wa mzazi, A ni ya watu wazima. Filamu za miaka ya 1990 kwa kawaida hukwepa busu, za sasa hazikwepi.

Sasa maandishi ya tafsiri ya Kiingereza, maana hapa ndipo jioni nyingi huharibika. Kama filamu iko kwenye flashi, faili la maandishi la srt liwe kwenye folda ileile na libebe jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi. Runinga nyingi hazilioni vinginevyo. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4, na filamu ya saa tatu yenye picha safi hufika huko upesi, basi ifomati kwa exFAT na uijaribu kwenye runinga yenyewe, maana baadhi hazisomi mfumo huo. Maandishi yakichelewa kwenye programu ya VLC ya kompyuta, bonyeza G. Yakitangulia, bonyeza H. Lakini yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti kadiri filamu inavyoendelea, usihangaike na vitufe: faili hilo lilitengenezwa kwa nakala yenye kasi tofauti ya picha, tafuta jingine. Na hakikisha limetafsiri nyimbo. Mafaili mengi huziruka, ilhali katika filamu hizi wimbo husema yale ambayo wahusika wanaona aibu kuyatamka. Ndiyo maana hatuzirushi nyimbo kwa rimoti. Wanaozirusha hukuta wawili wamependana bila kujua ni lini.

Mkitazama moja kwa moja kwenye intaneti, bando huenda kwa takriban GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, na hadi GB 3 kwa saa kwa HD. Pakua mapema ikiwa programu inaruhusu.

Sauti ina tatizo lake: nyimbo hupasua masikio, maongezi hayasikiki. Mara nyingi filamu imetolewa kwa sauti ya spika sita, ambapo maongezi yana spika yake ya katikati, na runinga yako ina mbili. Ingia kwenye mipangilio uchague stereo. Halafu ukaaji. Waliokaa kwenye mkeka huwazibia maandishi waliokaa kwenye makochi, basi ukingo wa chini wa runinga uwe kama mita 1 kutoka sakafuni. Kwa runinga ya inchi 43, anayesoma asikae mbali zaidi ya mita 3. Asiyesoma Kiingereza haraka akae karibu na mkalimani mmoja aliyeteuliwa, atakayempa kiini cha mazungumzo badala ya kila sentensi.

Maandishi hayo yana jambo moja yasiloweza kuonyesha, nalo ni tamu kuliko yote. Kihindi kina "wewe" tatu: aap ya heshima, tum ya mazoea, na tu ya watu wa ndani kabisa, au ya ugomvi. Kiingereza huziweka zote kwenye neno moja. Tega sikio wahusika wanapohama kutoka aap kwenda tum, kwani mara nyingi penzi huingilia hapo, kabla ya wimbo wowote. Waambie wenzako mwanzoni wasikilize, wataanza kushangilia wenyewe.

Sikio la Kiswahili hukutana na ndugu wengi humo. Duniya ni dunia, waqt ni wakati, khabar ni habari, na mohabbat ina asili moja na mahaba yetu. Ila mitego ipo kwenye ukoo. Mama ni mjomba. Dada ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo, na nani ni bibi mzaa mama. Wagawie wageni maneno haya manne kabla ya kuanza, la sivyo msichana akiita "Nani!" mtu sebuleni atajibu kwa sauti. Beta ni mwanangu, bhabhi ni mke wa kaka kwa maana yetu ya Kiswahili, na mehndi ni hina yetu ileile.

Kuhusu chakula, kigezo ni kimoja: kiliwe kwa mkono mmoja bila kutazama. Kachori, bajia na sambusa ni sawa. Samaki mwenye miiba siyo, kwa sababu macho yako kwenye maandishi. Bisi zitengenezwe mwanzoni: nusu kikombe cha mahindi na vijiko 3 vya mafuta hujaza sufuria la lita 4, zinatosha watu sita. Chai ni ya mapumziko, na anayeipika aondoke dakika 15 kabla ya ile uliyoiandika kwenye karatasi. Chemsha maji nusu lita na tangawizi iliyotwangwa na iliki 6 kwa dakika tano, weka majani, ndipo umimine maziwa lita 1. Tangawizi mbichi ikitiwa kwenye maziwa kabla haijachemka yenyewe, huyakata.

Kelele ziruhusiwe. Steringi akiingia apigiwe makofi, kwani mtengenezaji amemwekea muziki na upepo kwa ajili hiyo. Kinachokatazwa ni aliyekwisha kuiona filamu kutangulia kusema. Huyo apewe rimoti, imshughulishe.

Filamu nyingi za aina hii huweka wimbo mmoja wa shangwe juu ya majina ya mwisho. Usizime. Washa taa moja, sahani zikusanywe huku wimbo unaendelea, na wanaotaka kucheza wasogezewe meza pembeni.