Nyasi zimekuwa njano, na mawe yaje lini?

SWALI: Tumehamia nyumba mpya Kibaha. Uwanja wa mbele ni mita 6 kwa 8. Fundi alitandika nyasi za vipande vilivyokatwa na udongo wake, lakini baada ya mwezi zina mabaka ya njano na ukizivuta zinanyanyuka. Tunataka kurudia na kuweka mawe makubwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Chimbeni kwanza penye njano. Kwenye nyumba mpya mara nyingi hapo chini pamefukiwa kifusi cha saruji na plasta. Kifusi hicho huufanya udongo uwe na chokaa nyingi, nyasi zikashindwa kufyonza madini ya chuma. Kuongeza mbolea ya yurea hakutibu. Kifusi kitoke chote. Zinazonyanyuka hazikushika mizizi, kwa kawaida kwa sababu ardhi ilishindiliwa na malori ya kokoto.

Mawe yatangulie nyasi. Jiwe la mviringo lenye upana wa sentimita 60 lina uzito wa karibu kilo 300, nanyi hamtaki kulibingirisha juu ya nyasi changa. Fukieni theluthi yake. Likikaa juu juu huonekana kama limedondoka kwenye lori. Lizungushieni kokoto upana wa sentimita 15, maana mashine ya kukatia nyasi haifiki ukingoni na jiwe lenye joto hukausha nyasi zilizo jirani. Chini ya kokoto msitandaze nailoni, maji yatatuama. Mawe ya matumbawe ni mazuri, ila vipande vyake vidogo visichanganyike na udongo: ni chokaa ileile.

Kisha tifueni sentimita 15 na mchanganye samadi iliyooza, takriban mita moja ya ujazo. Mbichi huunguza mizizi. Uwanja uteremke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Agizeni mita za mraba 51, kwani vipande vitapotea kwenye kukata. Pangeni kama tofali, viungo visifuatane, mshindilie na kumwagilia siku hiyohiyo: ndoo 15 za lita 20, kila siku kwa wiki mbili. Msifyeke nyasi mpaka kona ya kipande igome kunyanyuka.

SWALI: Chini ya mwembe ukoka unakufa kila mara. Kwa nini?

JIBU: Ukoka hautaki kivuli. Hapo weka kokoto na mawe, ila usirundike udongo kwenye shina; litaoza.