Rozela ya usiku
Dada yangu, umeuliza ni kinywaji gani cha maua unachoweza kumwandalia mama baada ya sala ya isha bila kumkosesha usingizi. Mimi nakushauri rozela, ambayo Wamisri huiita karkade, kwa kuwa haina kafeini. Kinachotumika si petali, bali vile vifuniko vyekundu vinene vinavyobaki ua likishanyauka. Tia vijiko 2 vya vifuniko vikavu katika kikombe cha maji yaliyochemka, ufunike kwa dakika 7, kisha uchuje. Epuka sufuria ya alumini, maana uchachu wake huila. Hapa Lamu huiongezea hiliki iliyopondwa, nayo hunukia vizuri mno, na joto la kaskazi likizidi huinywa baridi. Ikiwa mama anatumia dawa za shinikizo la damu, tafadhali amwulize daktari kwanza, kwa sababu rozela nayo inaweza kulishusha.