Waridi langu limekuwa kabichi

Safari hii barua karibu zote ni za maua ya karatasi, sijui ni msimu wa harusi ama vipi, basi tuyamalize yote leo.

*Dada habari za kazi, mi nipo Makorora hapa Tanga, nimejifunza kutengeneza mawaridi kwa kuangalia video afu nikanunua krepu nyekundu, ile karatasi yenye mikunjo, Ngamiani, nimefuata kila hatua lakini yakiisha petali zimesimama tu hazina shepu, mume wangu kaniuliza hii ni saladi? Nakosea wapi? Mama Kabichi*

Mama Kabichi pole, na shemeji mwambie aje ajaribu yeye. Nadhani kosa lako lipo kwenye mkasi, hata kwenye gundi hujafika. Chukua kipande cha krepu ukivute, upande mmoja kitanyooka, upande mwingine kitakataa. Ile mikunjo midogo midogo ndo inayoifanya krepu inyooke, sasa petali ikate mikunjo ikiwa imesimama, yaani inatoka kwenye kikonyo kwenda juu, ukiikata mikunjo imelala hata ufanyeje haitanuki, inabaki bapa, ndo hiyo saladi. Ukishaikata vizuri ishike katikati kwa vidole gumba viwili uvute taratibu kushoto na kulia, ukingo usiuguse, itafanya kibonde kama cha kijiko. Afu ncha ya juu izungushie kwenye kijiti cha mshikaki ijikunje kwa nje.

Ila kilichonifundisha mimi kuliko video zote ni kuomba waridi la kweli kwa jirani, moja tu, nikalifumua petali moja moja nikazipanga mezani. Fanya hivyo. Utaona za ndani ndogo zimebanana, za nje kubwa na nyingine zimeliwa na mdudu, hakuna mbili zinazolingana, na pale chini zinaposhikia rangi imefifia inaelekea unjano. Watu wanakunja krepu wanakata petali kumi kwa mpigo saizi moja afu wanashangaa ua linaonekana la plastiki! Mi naanza na kidonge cha pamba juu ya waya, nazungushia petali 3 ndogo zifiche pamba yote, afu 5 za kati, afu 7 kubwa, kila moja inakaa kwenye pengo la mbili zilizotangulia, na ya mwisho huwa naichana kidogo makusudi. Chini unaweka vijani vya kijani vitano, ukiweka sita anayejua maua atakucheka. Ule unjano wa chini kwangua chaki ya rangi upake kwa kidole, mi nlianza na bizari ya manjano, inatoka vizuri sana ila ikikaa juani inapauka.

Na kwa nini umeanza na waridi jamani? Anza na bogenvilia, zimejaa kwenye kuta za Raskazone. Ile rangi unayoiona sio ua, ni majani matatu yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Na lile jani limeumbwa jembamba kavu kama karatasi, kwa hiyo kata vipande vitatu vya tishu, vifinye katikati vipate mshipa, fungia kwenye chelewa ya ufagio, mtu akipita atajua umechuma sasa hivi.

*Sista, nakaa Chumbageni karibu na bahari, maua yangu nagandisha kwa gundi ya unga wa ngano, wiki mbili tu yanapata ukungu na mende wanayala. Nasikia mshumaa unasaidia, kweli?*

Gundi ya unga kwa unyevu wa hapa kwetu ni waja leo waondoka leo. Tumia ile nyeupe ya mafundi seremala, tena kidogo kwa ncha ya kijiti maana ikizidi krepu inalowa, mikunjo inapotea na rangi inachuruzika. Waya nao, ule wa kufungia nondo unashika kutu haraka na hewa ya chumvi, uvishe krepu ya kijani wote usibaki wazi. Mshumaa kweli unasaidia, maji hayaingii na petali inapata mng'ao wa ua bichi. Uyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, KAMWE usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto, nta inawaka. Chovya ua mara moja, kung'uta, ning'iniza kichwa chini. Na usiliache ndani ya gari juani, utakuta limelala.

*Mwanangu, nina miaka 64, nipo Pangani, macho bado yapo, mikono ipo. Nimechelewa?*

Shikamoo bibi. Kulikuwa na bibi mmoja Uingereza, Mary Delany, alianza kukata maua ya karatasi mwaka 1772 ana miaka 70 na kitu, akatengeneza karibu 1,000 kabla macho hayajamshinda, yapo British Museum kule London mpaka leo. Wewe bado binti kwake. Anza na asumini, na tone la mafuta ya kunukia weka kwenye pamba ya ndani, kwenye petali litaacha doa.

*Nataka ua la kutambulisha Tanga niwauzie watalii. Nitengeneze lipi?*

Saintpaulia, kile kiua cha zambarau cha milima ya Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikiona akampelekea baba yake Ujerumani, ndo likapata jina lao, na leo kipo kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima, nusu ya hao watalii wanacho nyumbani na hawajui kimetoka kwetu! Petali tano, mbili ndogo juu, tatu kubwa chini, katikati vifuko viwili vya njano, chovya ncha za uzi kwenye gundi afu kwenye bizari. Jani lake lina manyoya, hapo karatasi inashindwa, kata kipande cha velveti ya kijani kwa fundi cherehani, na mshumaa hapo usiuguse.