Jamii, jumuiya na umma: ni kitu kimoja?

Ndugu, umeuliza kama maneno haya ni visawe. Kwa kiasi tu. Jamii ni watu wanaoishi pamoja wakishiriki desturi, sheria na taasisi. Hujiandikishi, unazaliwa humo. Jumuiya kwa kawaida ina lengo au makubaliano yanayowaunganisha wanachama, ndiyo maana tunasema Jumuiya ya Madola, si Jamii ya Madola. Umma ni watu wote kwa ujumla, hasa mbele ya serikali: mali ya umma, utumishi wa umma. Kikundi chenye katiba na ada kiite chama tu, usikipambe. Jamaa nalo lina mzizi uleule wa Kiarabu kama jamii na jumuiya, wa kukusanya, ila siku hizi ni ndugu au mtu fulani tu. Halafu kuna “jamii ya paka”, yaani wanyama wa ukoo mmoja: chui, simba, duma.